Kikundi cha Mlango wa Nyuma

Kama hukunisoma wiki iliyopita, usijali, hukukosa raha yoyote. Kwa kifupi: mimi ni fundi mkataji kwenye karakana ya kushona sare. Pombe ilinishika mpaka mikono ikaanza kutetemeka, nikakata rundo zima la kitambaa cha suruali likaenda upogo, bosi akaninyang'anya mkasi. Dada yangu akamchukua binti yangu akakae kwake. Nikalazwa, nikatapika, nikatoka jasho la baridi, nikaruhusiwa. Nikiwa mlangoni na kifurushi changu, muuguzi akaniambia: "Mwili tumeutengeneza. Sasa tafuta watu wa kukushikilia, maana peke yako hutoboi."

Watu. Neno dogo, lakini lilitaka kunitoa roho.

Maana dada naye alishikilia hilo hilo. "Siku nitakapowaona watu wanaosimama na wewe, mtoto utamchukua. Siwezi kumpa mtoto mlevi anayejitibu mwenyewe chumbani."

Ningekuwa na muda, ningengoja. Lakini shemeji, mume wa dada, alikuwa amehamishwa kikazi. Mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Walikuwa wanahama mwisho wa mwezi, na binti yangu anahama nao. Akienda huko, nitamwona lini? Likizo kwa likizo, kama mgeni.

Basi nikaanza kutafuta watu.

Nilianzia kwa dada mwenyewe, kwa heshima tu. Dada anaongoza kikundi cha maombi, na sebule yake hujaa mpaka wengine wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Nataka tuelewane hapa. Simdharau anayeomba. Bibi yetu aliomba mpaka magoti yakaota sugu, akafa na amani yake. Lakini mimi sikwenda kutafuta muujiza. Nilitaka mtu aniambie jioni nikitoka kazini, koo linawasha, niifanyeje hii miguu isigeukie baa.

Waliniweka katikati, wakanishika kichwa. Dada ndiye aliyekuwa na mkono mzito kuliko wote. Walipomaliza nikauliza swali langu.

"Omba," akajibu mzee mmoja.

"Nikishaomba?"

"Omba tena."

"Na nikiomba tena, na bado naitaka?"

"Basi hukuomba vizuri."

Jamani! Ningekuwa nguo ningesema nimeshonwa nje ndani.

Dada akaingilia. "Haya, mdogo wangu, inua mkono useme mbele ya watu: nimepona."

"Sijapona, dada. Ndiyo kwanza naanza."

"Sema tu!"

"Nikisema leo nimepona, kesho ikinishinda nimwite nani? Aliyepona haombi msaada."

Dada akanisindikiza mpaka mlangoni, akaufunga mlango nyuma yetu, ndipo akafoka. "Umenidhalilisha. Kitu kidogo tu nimekuomba. Ungesema umepona, wangeondoka na matumaini!"

"Wangeondoka nayo wao. Mimi je?"

Alikuwa analia, na mimi kwa hasira zangu sikujiuliza kwa nini analia kiasi kile kwa ajili yangu.

Bosi akanielekeza kwa mshauri nasaha. Ofisi nzuri, feni juu, kiti cha kuzama. Nikajisemea, hapa sasa. Huyu amesomea.

"Tufungue kwa sala," akasema.

"Tunaweza kufungua kwa mazungumzo?"

Akanitazama kama nimemtemea mate mezani. "Dada, bila imani hakuna tiba."

"Imani ninayo. Nina imani kwamba wewe ulisomea kazi hii."

Alinishauri nirudi nikiwa tayari. Tayari kwa lipi, hakusema.

Jirani yangu akanionea huruma, akaniletea chupa ya dawa ya mizizi. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, hamu yote inakwisha. Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikakifunga haraka kama nimemwona nyoka.

"Mama, hii mizizi imelowekwa kwenye nini?"

"Pombe kali kidogo tu, isioze."

Niliondoka nyumbani kwangu mwenyewe nikamwacha yeye na chupa yake. Nilizunguka mtaa mpaka nikamwona anatoka nayo, ndipo nikarudi nikakaa sakafuni nikalia. Si uchungu. Ni kuchoka. Kila mlango ninaobisha, ama wananiambia nipige magoti, ama wananipa kinywaji.

Nikamrudia muuguzi na moto wangu kichwani. "Uliniambia nitafute watu. Watu gani? Wako wapi? Kwani katika mji huu mzima mlevi asiyetaka kuhubiriwa aende akafe?"

Badala ya kukasirika, akacheka kidogo. "Kipo kikundi. Jumamosi asubuhi. Hawaombi, hawahubiri. Sikukwambia mwanzo kwa sababu ya mahali penyewe."

"Pakoje?"

"Nenda. Ukifika usikimbie."

Jumamosi nikafuata maelekezo yake, kona kwa kona, mpaka nikajikuta nimesimama mbele ya baa.

Si mgahawa, si klabu ya michezo. Baa! Ubao wa bia juu ya mlango, makreti yamepangwa mpaka dirishani. Nikasema muuguzi kanifanyia mzaha wa kuniua. Nilikuwa nimeshageuka niende zangu aliposimama mbele yangu mama mmoja mnene, kanga kiunoni, funguo shingoni.

"Wewe ni wa muuguzi?"

"Hapa si baa?"

"Mbele ni baa. Nyuma ni sisi. Pita uani, na ukipita tazama viatu vyako."

"Kwa nini?"

"Mbele hatufungui mpaka mchana, lakini uani, chini ya turubai, wapo wateja wangu wachache wa asubuhi. Wale wanaojificha. Usiwatazame, wala usitazame meza zao. Sisi wote tunapita macho chini. Ndiyo sheria ya kwanza."

Nikapita nikitazama viatu vyangu. Nilisikia glasi ikiwekwa mezani upande wa kushoto, na shingo yangu ikataka kugeuka yenyewe. Nikaizuia.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo. Viti vya plastiki, birika la chai, na watu wachache tu. Yule mama ndiye mwenye baa, wanamwita Mama Kaunta, na yeye mwenyewe aliacha pombe zamani. Baa aliachiwa na marehemu mumewe, ndiyo inayosomesha watoto, hana pa kuitupa. Alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye suti ya kijivu. Alikuwepo dereva wa lori la taka, mtu wa maneno mengi. Na wengine wawili ambao hawakupenda kusema, na hakuna aliyewalazimisha.

"Lakini kwa nini hapa?" nikauliza. Sikuweza kujizuia. "Anayemkimbia papa hajifichi baharini!"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Binti, tumezunguka kama ulivyozunguka wewe. Kila ukumbi wa bure una mwenye kutuombea. Usio na maombi una kodi. Mwenye nyumba pekee aliyetupa chumba bila kutaka kitu ni huyu mama."

"Na faida yake," akadakia Dereva, "mtu akianguka, hapotei njia. Anaangukia hapa hapa, tunamwokota."

Wakacheka wote. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa na watu wanaocheka juu ya jambo lile, na mimi nikacheka.

Kisha Mwalimu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hakuuliza nimeanza lini, wala nani kaniroga. "Saa yako mbaya ni ipi?"

"Jioni. Nikitoka kazini."

"Nani anaichukua?"

"Naichukua mimi," akasema Dereva.

Ndivyo wanavyofanya. Hakuna kuapa hutakunywa tena maishani. Unasema saa inayokushinda, na mmoja anaichukua, inakuwa yake. Ikifika, anakuja au anakupigia, anakaa na wewe mpaka ipite. Na wewe unachukua ya mwenzako. Mimi nikapewa ya Mama Kaunta, ile ya kufunga hesabu, watu wote wameondoka na chupa zimebaki zinamtazama. Namwimbia kwenye simu. Sauti yangu ni ya chura, lakini anasema inasaidia.

Sheria ya pili na ya mwisho: unayemwona pale hukumwona. Kwa mtu yeyote.

Basi jioni Dereva akawa ananingoja nje ya karakana, ananuka lori lake, tunatembea. Tukifika mbele ya mlango wa baa yangu ya zamani, anaongeza sauti. Anasema nani katupa godoro zima, nani katupa sahani za harusi. Siku moja miguu ilinigoma kabisa, nikasimama pale pale barabarani nikamtukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Endelea," akasema. "Matusi hayana kilevi."

Mikono ikaanza kutulia. Bosi akanipa mkasi, kwanza kola tu, baadaye mashati. Nikasema sasa nina watu. Nitamwonyesha dada, nimchukue mwanangu.

Ohoo! Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Nikasema nisubiri Jumamosi moja tu zaidi, niwaombe wenyewe vizuri waende kwa dada. Jumamosi hiyo Dereva alitoka na mimi kikundini, na kwa kuwa uani palikuwa pamemwagika maji ya sabuni, alinishika mkono nisiteleze. Tukapita tukitazama viatu vyetu kama kawaida, na kabla ya kufungua geti akaniachia.

Mchana simu ikalia. Dada. Hata salamu hakuna.

"Umeonekana unatoka baa asubuhi asubuhi, mwanamume amekushika mkono! Mnayumba!"

"Dada, sakafu ilikuwa imelowa. Kile ndicho kikundi chetu cha kuacha pombe."

"Kinakutana wapi?"

"Baa."

Nilijisikia nikilitamka, na hata mimi ningekuwa dada ningekata simu.

"Kikundi cha kuacha pombe kinakutana baa," akarudia polepole. "Mimi mtoto mdogo, eti?"

"Njoo uone!"

"Nimeshaona vya kutosha. Shemeji yako kakuona kwa macho yake. Hatungoji mwisho wa mwezi tena. Keshokutwa asubuhi tunaondoka, na mtoto tunaye. Njoo umuage kama unaweza kusimama."

Nikakimbia kurudi kwa Mama Kaunta. Nilimkuta anafuta meza. "Twende kwa dada. Twende sasa hivi, umwambie sinywi!"

Akaniangalia, kitambaa mkononi. "Mimi, mwenye baa, nikasimame mbele ya dada yako nimhakikishie wewe hunywi? Mwanangu, atatufukuza wote wawili kwa ufagio."

Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulinikera. Nilitaka kuvunja kitu. Nikatoka uani nikapumue, nikasimama karibu na turubai, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale nikainua macho nikatazama.

Ukuta mrefu pande zote. Geti la bati, refu kuliko mtu. Barabarani huoni hata paa la stoo.

Sasa shemeji alinionaje?

Ili mtu anione natoka stoo nimeshikwa mkono, lazima awe ndani ya ua ule. Lazima awe amekaa chini ya turubai. Na sisi, wajinga wa kutazama viatu vyetu, tulikuwa tunampita kila wiki!

Shemeji yangu anakunywa. Shemeji mtaratibu, wa shati lililonyooka, anayekaa kiti cha mbele kwenye maombi ya mkewe. Alidhani nimemwona, akawahi kunisema mimi kabla sijamsema yeye.

"Mama Kaunta," nikamwita. "Yule bwana wa asubuhi, mwembamba, anavaa..."

"Ishia hapo."

"Ni shemeji yangu! Anamchukua mwanangu!"

"Ya watu wangu siyasemi. Ningekuwa nayasema, yako yangekuwa mtaa mzima." Akakunja kitambaa chake. "Na wewe uliikubali sheria. Ukimtaja, hana pa kurudi siku akitaka kuja upande wetu. Na nyuma hapa hapatakuwa salama kwa mtu tena."

Nani wa kubishana na hilo? Na hata kama ningesema, nani angemsadiki mlevi juu ya bwana yule? Nilirudi nyumbani nimeumwa na meno yangu mwenyewe kwa kuyasaga.

Siku ya kuondoka nikafika kwa dada mapema. Gari limepakiwa, godoro juu, masufuria yanagongana kwenye buti. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma kati ya mafurushi, ameshafunga mkanda, mapajani kashika kuku wa plastiki aliyemnunua sijui nani.

"Mama, umekuja!"

"Nimekuja, mwanangu."

Shemeji alikuwa ameshika usukani, miwani ya jua usoni wakati jua lenyewe halijapanda. Anatafuna kitu. Nikainama dirishani kwake nimfikie mtoto.

"Haya, shemeji, tusicheleweshane," akasema, na pumzi yake ikanifikia.

Karafuu. Na chini ya karafuu, ile yenyewe.

Mimi karafuu nimezitafuna mpaka ulimi ukafa ganzi. Unaweza kumdanganya mke, bosi, na daktari. Mlevi mwenzako humdanganyi. Mtu huyu alikuwa amekunywa asubuhi ile, si jana.

Sikufikiri. Niliingiza mkono, nikazungusha funguo, nikazichomoa. Gari likazima.

"We!" Shemeji akaruka. "Unafanya nini?"

Dada akatoka mbio mlangoni, kikapu mkononi. "Umeanza! Asubuhi yote hii umeshalewa!"

"Ninuse."

"Nini?"

"Njoo uninuse, dada. Karibu kabisa."

Akanisogelea kwa hasira, pua kwa pua kama tulipokuwa watoto tukishutumiana kwa wizi wa sukari. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Nikaona hasira inamtoka usoni, hajui aiweke wapi.

"Haya. Sasa mnuse dereva wako."

Sikutaja baa, sikusema nilichojua. Niliomba tu mtu anuswe. Shemeji akatazama mbele, mikono miwili kwenye usukani wa gari lililozimika.

Dada hakwenda kumnusa. Hakupiga hata hatua. Nikamtazama vizuri, nikingoja mshangao, na mshangao haukuja. Mungu wangu! Alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote.

Akanisogeza pembeni, akashusha sauti. "Nipe funguo, mdogo wangu."

"Dada!"

"Unadhani nilipokuwekea mkono kichwani nilikuwa nakuombea wewe tu? Nilitaka useme umepona, na yeye asikie. Aone inawezekana." Akamtupia jicho mumewe garini. "Huo uhamisho niliuomba mimi kwa mkubwa wake. Kule hakuna anayemjua, ataanza upya. Usiniharibie. Nakuomba."

"Ni kutwa nzima ya barabara. Na mwanangu yuko ndani."

"Barabara anaijua."

"Amelewa!"

"Punguza sauti, majirani!"

"Waje! Waje wote!"

Akanyoosha mkono. Nikarudisha wangu nyuma ya mgongo, funguo zikinichoma kiganja kwa nilivyozibana. Sijui ningefanya nini. Nilitaka kumpiga dada yangu, nilitaka kumkumbatia, na nilitaka glasi moja, nawaambia ukweli, moja tu.

Dirisha la nyuma likashuka. Binti yangu akatoa kichwa. Alikuwa anatutazama kama watu wazima wanaogombana juu ya jambo lisilo na maana.

"Mama, wape tu," akasema. "Baba mkubwa hunipeleka shule hivyo hivyo kila siku."

Dada akafumba macho. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.